Kudhibiti na Kufuatilia Kutu Katika Mitambo ya Stenlesi ya Maji ya Dawa

Maji yanayotengenezewa dawa za sindano na dripu huondolewa karibu kila kitu kisichokuwa maji. Famakopia ya Marekani, katika kipimo chake cha kwanza, inataka upitishaji umeme usiozidi mikrosimensi 1.3 kwa sentimita kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, na jumla ya kaboni ogania isiyozidi mikrogramu 500 kwa lita. Yakishatengenezwa, maji hayo huwekwa kwenye tangi na kuzungushwa mabombani usiku na mchana, mara nyingi yakiwa na joto la nyuzi 70 hadi 85 ili bakteria wasizaliane. Tangi, mabomba, pampu na vali za mzunguko huo hutengenezwa kwa stenlesi. Baada ya miezi au miaka, ndani yake huanza kuonekana rangi ya machungwa, nyekundu, hudhurungi au nyeusi. Huo ni utando wa kutu, yaani chembe ndogo za oksaidi za chuma zilizotandaa juu ya uso uliokuwa uking'aa.

Katika mzunguko wa maji ya moto, utando huo hauzuiliki kabisa. Linalowezekana ni kuuchelewesha, kujua unakotoka, kupima unavyokua na kuuondoa kabla haujawa mgumu. Famakopia haziweki kikomo maalumu cha utando wa kutu, lakini kanuni za utengenezaji bora wa dawa zinataka uso wa kifaa unaogusa dawa usiongeze kitu wala kupunguza kitu katika dawa hiyo. Chembe zikiingia kwenye dawa ya sindano ni uchafu, na chuma kilichoyeyuka huweza kuchochea kuharibika kwa dawa zenye protini. Hivyo mzigo wa kuthibitisha kwamba kutu imedhibitiwa unabaki kwa kiwanda chenyewe.

Kutu inavyoanza

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi iliyo usoni hushikana na oksijeni na kufanya tabaka la oksaidi lenye unene wa nanomita chache tu, lisiloonekana kwa macho. Tabaka kinga hilo ndilo linalokizuia chuma cha ndani kisiguswe na maji. Likikwaruzwa penye oksijeni ya kutosha, hujirudisha lenyewe.

Daraja linalotumika zaidi katika maji ya dawa ni 316L. Lina kromi ya asilimia 16 hadi 18, nikeli ya asilimia 10 hadi 14, molibdeni ya asilimia 2 hadi 3, na kaboni isiyozidi asilimia 0.03. Molibdeni husaidia kustahimili kloraidi. Kaboni ikiwa kidogo, kromi hainaswi nayo wakati wa kuchomelea, na kingo za weldi hazibaki bila kinga. Daraja la 304, linalotengenezewa masinki na vyombo vingi vya jikoni, kwa kawaida halitiwi molibdeni, kwa hiyo ni dhaifu zaidi mbele ya kloraidi.

Tabaka kinga hudhoofishwa na mambo kadhaa, na mara nyingi hushirikiana. La kwanza ni joto: kadiri maji yanavyokuwa ya moto, ndivyo oksaidi za chuma zinavyojengeka upesi juu ya zile za kromi. La pili ni maji yenyewe, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi yoyote huchukua ayoni kwa urahisi kutoka katika kila yanachokigusa, na hewa yenye kaboni dioksidi ikiyeyuka humo huyafanya yawe na asidi kidogo. La tatu ni kloraidi, ambazo hutoboa tabaka kinga mahali padogo padogo na kuchimba vishimo. La nne ni msuguano ndani ya pampu, ambao hung'oa tabaka upesi kuliko linavyojirudisha. La tano ni weldi mbovu, na la sita ni vumbi la chuma cha kawaida lililoachwa ndani ya bomba wakati wa ujenzi.

Aina tatu za utando

Watu wa fani hii hugawa utando wa kutu katika aina tatu. Mgawanyo huo una faida ya moja kwa moja kazini, kwa sababu kila aina ina chanzo chake na dawa yake.

Aina ya kwanza ni kutu iliyohama. Chembe hung'oka mahali pamoja, aghalabu kwenye impela ya pampu, husafiri na maji, kisha hutua kwingine. Rangi yake ni ya machungwa hadi nyekundu, na chuma kilicho chini yake bado ni kizima.

Aina ya pili ni kutu iliyozaliwa pale pale inapoonekana. Tabaka kinga limevunjika, mara nyingi kwa sababu ya kloraidi, na chuma chenyewe kinaliwa. Rangi huwa nyekundu au hudhurungi, na chini yake uso umekwaruka au una vishimo.

Aina ya tatu hutokea kwenye joto kali, hasa katika mabomba ya mvuke safi na ndani ya mitambo ya kukeneka maji. Ni oksaidi nyeusi ya chuma iitwayo magnetaiti. Huanza na rangi kama ya buluu, kisha huwa nyeusi, ama ya kung'aa na iliyoshika imara, ama ya ungaunga inayopukutika.

Kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa kwa maji yale yale safi, ndicho kifaa cha kwanza cha kuzitofautisha. Hupitishwa kwenye paa la tangi, karibu na tufe la kunyunyizia, ambako matone hutua na kukauka mara kwa mara. Kitambaa kikitoka na doa la machungwa huku nyuma yake chuma kikibaki kinang'aa, hiyo ni aina ya kwanza. Kikitoka na rangi kidogo huku doa likibaki palepale, na kioo cha kukuzia kikionyesha vishimo, hiyo ni aina ya pili. Kikitoka kisafi huku uso ukiwa bado mweusi, hiyo ni aina ya tatu. Jibu la uhakika hutoka maabara, ila kitambaa hutosha kuelekeza macho pa kutazama.

Kinga wakati wa ujenzi

Sehemu kubwa ya matatizo ya kutu hupandwa kabla tone la kwanza la maji halijapita. Weldi ndiyo sehemu ya kuangaliwa kuliko zote. Kazi hii hufanywa kwa mashine inayozungusha elektrodi kandokando ya bomba, huku ndani ya bomba mkipitishwa gesi ya agoni ili kuifukuza oksijeni. Agoni isipotosha, au fundi akianza kuchomelea kabla hewa haijatoka yote, pande mbili za weldi hubadilika rangi: kwanza manjano hafifu, kisha hudhurungi, zambarau na buluu. Rangi inavyokolea ndivyo oksaidi ilivyo nene, na chini yake kromi imepungua. Kiwango cha rangi kitakachokubalika huafikiwa kwa picha za mfano kabla kazi haijaanza. Kila weldi hupewa namba, na ndani yake hukaguliwa kwa kamera ndogo ya kuingizwa bombani.

Uso wa ndani nao una uzito wake. Kiwango cha Marekani cha vifaa vya viwanda vya dawa na bayoteknolojia, ASME BPE, kina daraja la uso uliong'arishwa kwa umeme lenye mkwaruzo wa wastani usiozidi mikromita 0.38. Kung'arisha kwa umeme hulainisha uso, na pia huondoa chuma kingi kuliko kromi, hivyo tabaka kinga linalojengeka huwa na kromi nyingi zaidi.

Mabomba hulazwa kwa mwinamo wa takriban sentimita moja kwa kila mita ili yatoke maji yote mtambo unapofungwa. Matawi yasiyo na mtiririko hufupishwa. Lengo ni urefu usiozidi kipenyo cha tawi mara mbili. Maji yaliyosimama humo hupoa na kulea bakteria, na tabaka kinga nalo hudhoofika.

Brashi, misumeno na mawe ya kusagia yaliyowahi kugusa chuma cha kawaida hayaruhusiwi kugusa stenlesi. Chembe zake hujichomeka usoni na kushika kutu zikiwa za kwanza. Mabomba huhifadhiwa yakiwa yamezibwa ncha zote mbili, ndani ya ghala na mbali na mahali pa kusagia chuma. Kwa viwanda vya mwambao wa Afrika Mashariki, kloraidi zinataka uangalifu wa ziada, kwani hewa ya bahari hutua juu ya mabomba yaliyoachwa nje, na visima vya karibu na pwani mara nyingi vina maji ya chumvi.

Nje ya bomba pia pana hatari. Kihami joto chenye kloraidi kikilowa maji juu ya bomba la zaidi ya nyuzi 60, stenlesi huweza kupasuka nyufa kutoka nje kwenda ndani. Kinachofaa ni kihami joto kilichothibitishwa kuwa na kloraidi chache, kilichofunikwa vizuri maji yasiingie.

Kinga wakati wa uendeshaji

Joto lisizidi linalohitajika. Mwongozo wa Ulaya wa dawa zisizo na vijidudu unataja mzunguko wa mfululizo wa zaidi ya nyuzi 70 kuwa njia ya kuzuia bakteria katika maji ya sindano. Mtambo unaoendeshwa kwa nyuzi 90 bila sababu unaharakisha kutu pasipo faida. Kupunguza joto ni badiliko kubwa, kwa hiyo hufanywa kwa kufuata taratibu za kiwanda za mabadiliko na kuthibitishwa kwa vipimo vya bakteria na endotoksini.

Maji ya kuingia kwenye mtambo wa kukeneka yachunguzwe kila mara. Klorini ya maji ya bomba la mji huondolewa kwa makaa amilifu au kwa sodiamu metabaisalfaiti kabla ya kufika kwenye stenlesi ya moto. Mtambo wa kukeneka ukifanya kazi kupita uwezo wake, matone madogo huchukuliwa na mvuke, na kloraidi hupita pamoja nayo.

Pampu ndiyo ya kushukiwa kwanza panapoonekana aina ya kwanza ya utando. Maji ya moto yakifika kwenye pampu yakiwa na mgandamizo mdogo, huchemka ndani yake. Viputo hutokea na kupasuka juu ya impela, na kila kupasuka hung'oa chembe za chuma. Dalili yake ni mlio kama wa kokoto zinazozunguka. Dawa yake ni kuinua kimo cha maji kwenye tangi, kupanua au kufupisha bomba la kuingia pampuni, au kupunguza kasi ya pampu. Impela iliyofuliwa kutoka kwenye kipande kizima huvumilia zaidi kuliko iliyosubiwa, kwa sababu uso wake ni laini na muundo wake wa ndani unalingana.

Mtambo unaosimamishwa kwa muda mrefu humwagwa maji yote na kukaushwa.

Kufuatilia

Mtego mkubwa katika kazi hii ni kuziamini mita zilizofungwa kwenye mzunguko. Oksaidi za chuma haziyeyuki katika maji hayo, kwa hiyo mita ya upitishaji umeme haizioni. Maji huweza kufaulu vipimo vyote vya famakopia huku tangi likiwa jekundu ndani. Kutu hufuatiliwa kwa njia zake zenyewe.

Njia ya kwanza ni macho. Mtambo unapofungwa kwa matengenezo, hufunguliwa sehemu zile zile kila mara: mlango wa tangi, tufe la kunyunyizia, impela, vali za mwanzo na za mwisho wa mzunguko, na bomba la marejeo. Kiwambo cha teflon cha vali na gasketi nyeupe hufaa sana, kwa sababu rangi hafifu ambayo haitambuliki juu ya chuma huonekana wazi juu ya weupe wake. Picha hupigwa kutoka pembe ile ile na kwa mwanga ule ule, zikiwa na tarehe na kipimo cha rangi kando yake. Maneno kama "kutu kidogo" hayafai kwenye rekodi, kwani hayalinganishwi na ya mwaka uliopita.

Njia ya pili ni chujio. Kiasi maalumu cha maji, kwa mfano lita 10, hupitishwa kwenye chujio jeupe la mikromita 0.2 au pungufu. Rangi ya chujio hulinganishwa na ya vipimo vilivyopita, kisha chujio hupelekwa maabara kupimwa chuma, kromi na nikeli. Uwiano wa madini hayo husema mengi. Ukikaribia uwiano wa 316L yenyewe, huenda chembe zinasagika kutoka kwenye pampu au sehemu nyingine ya mtambo. Chuma kikiwa peke yake, bila kromi wala nikeli, ni vema kuangalia kama kuna kipande cha chuma cha kawaida kilichoingizwa kwa makosa.

Njia ya tatu ni vipande vya majaribio. Wakati wa ujenzi, vipande vifupi vya bomba hufungwa kwa klampu mahali pa kuchaguliwa: baada ya pampu, mwisho wa mzunguko na kwenye mvuke. Kimoja hutolewa kila baada ya muda na kupelekwa maabara, ambako uso wake huchunguzwa tabaka kwa tabaka. Kipimo muhimu ni uwiano wa kromi kwa chuma usoni. Ukishuka chini ya 1, tabaka kinga limedhoofika. Vipo pia vihisi vinavyofungwa bombani na kutoa taarifa mfululizo, lakini haviondoi haja ya kufungua na kutazama.

Matokeo yote hupangwa kwenye chati moja kufuata tarehe, pamoja na matukio ya mtambo: pampu iliyobadilishwa, joto lililopandishwa, weldi mpya. Kipimo kimoja peke yake hakisemi mengi. Mwelekeo wa vipimo vingi ndio unaoonyesha kama kutu inakua taratibu ilivyozoeleka au imeanza kukimbia.

Kuondoa utando na kujenga upya kinga

Kusafisha kunafaa kufanywa mapema, utando ukiwa bado mwepesi. Aina ya kwanza hutoka kwa asidi ya fosforiki au ya sitriki. Aina ya pili hudai asidi ya sitriki iliyoongezwa kemikali za kupunguza oksaidi, au asidi ya oksaliki. Aina ya tatu huhitaji michanganyiko mikali zaidi, na baadhi yake hukwangua ung'avu wa uso. Utaratibu wa jumla ni huu:

1. Sampuli ya utando hupimwa ili kujua aina yake, na mchanganyiko wa kemikali hujaribiwa kwanza kwenye kipande kilichotolewa mtambo.

2. Vichujio na vihisi visivyostahimili asidi huondolewa, na gasketi na viwambo vyote huhakikiwa kuwa vinavumilia kemikali na joto litakalotumika.

3. Asidi huongezwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Mchanganyiko huzungushwa mzunguko mzima, na kila vali ya kuchotea hufunguliwa kwa zamu ili tawi lolote lisirukwe.

4. Sampuli ya mchanganyiko huchukuliwa kila baada ya muda na kupimwa chuma kilichoyeyuka. Kiwango kikiacha kupanda, ama utando umekwisha, ama asidi imechoka. Asidi mpya kidogo hutiwa ili kujua ni lipi.

5. Mfumo husuuzwa, kisha hupitishwa asidi ya kujenga tabaka kinga. Kiwango cha ASTM A967 kinaruhusu, miongoni mwa njia nyingine, asidi ya nitriki ya asilimia 20 hadi 45 kwenye nyuzi 21 hadi 32 kwa dakika zisizopungua 30, au ya sitriki ya asilimia 4 hadi 10 kwenye nyuzi 60 hadi 71 kwa dakika zisizopungua 4. Katika mzunguko mrefu muda huongezwa ili kila kona ifikiwe.

6. Mtambo husuuzwa tena mpaka upitishaji umeme wa maji yanayotoka ulingane na wa yanayoingia. Uzalishaji haurudi kabla vipimo kamili vya maji havijafaulu.

Wafanyakazi huvaa miwani, glavu na mavazi ya kuzuia asidi, na chumba hupitisha hewa. Kemikali zenye sodiamu daithionaiti zikikutana na asidi hutoa gesi ya salfa dioksidi. Majitaka ya kazi hii yana chuma, kromi na nikeli. Hukusanywa, hutulizwa asidi na kushughulikiwa kama taka za kemikali, wala hayamwagwi mtaroni.

Kuamua wakati wa kusafisha

Tarehe ya kalenda pekee ni kigezo dhaifu. Kusafisha mara nyingi mno huchosha uso na kuusimamisha uzalishaji. Kuchelewa huacha utando uwe mgumu na kudai asidi kali. Dalili za kutosubiri ni hizi: chembe kwenye chujio zinaongezeka kipimo baada ya kipimo, rangi imefika kwenye vali za kuchotea, chembe zimeonekana kwenye dawa iliyokamilika, au aina ya pili imegunduliwa popote pale. Aina ya pili haingoji kwa sababu chuma chenyewe kinapungua, na weldi iliyoliwa hadi vishimo hukatwa na kufanywa upya.

Aina ya tatu iliyo nyembamba, nyeusi, ya kung'aa na isiyopukutika ndani ya bomba la mvuke huweza kuachwa chini ya uangalizi, mradi sababu za kuiacha ziandikwe na vipimo vya chembe vithibitishe kwamba haitoki. Kuing'oa kwa asidi kali huweza kuharibu uso kuliko utando wenyewe.

Maamuzi yote haya yanategemea rekodi ya mwanzo: picha za uso mpya, chujio la kwanza na cheti cha kupitisha kwa mara ya kwanza asidi ya kujenga tabaka kinga. Kiwanda kisicho na rekodi hizo kianze nazo mtambo utakapofungwa kwa matengenezo yajayo, ili kila ukaguzi utakaofuata uwe na cha kulinganishwa nacho.